Scarlett, Ilsa, Laura au Ann: Uanze na Shujaa Yupi wa Filamu za Mapenzi za Zamani?

Mtu anapoamua kuzitazama filamu za mapenzi za zamani kwa makini, badala ya kuzisikia zikisifiwa tu, hukutana mapema na majina manne ya wanawake: Scarlett O'Hara wa Gone with the Wind (1939), Ilsa Lund wa Casablanca (1942), Laura Jesson wa Brief Encounter (1945) na Binti Mfalme Ann wa Roman Holiday (1953). Kila mmoja ana watetezi wake wanaoapa kwamba hakuna anayemfikia. Sifa hizo hazimsaidii anayeanza, kwa kuwa wanawake hawa hawafanani kwa hulka, kwa umri wala kwa hali ya maisha. Aliyevutiwa na ujasiri wa Scarlett anaweza kumwona Laura kuwa mtu wa kusinzilisha, na aliyelia pamoja na Laura anaweza kumwona Scarlett kuwa hana moyo.

Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia anayetaka kukaa na mmoja wao kwanza, awe mtazamaji wa kawaida, mwalimu anayetafuta mhusika wa kuchambua na wanafunzi wake, mwigizaji anayejifunza kazi, au mwandishi wa mswada wa filamu. Ninatahadharisha mapema kwamba miisho ya filamu zote nne itatajwa. Haiwezekani kuijadili tabia ya watu hawa bila kugusa walichokifanya dakika za mwisho, maana hapo ndipo tabia yenyewe inapokaa.

Nimewachagua hawa wanne, na si wengine wengi wanaostahili, kwa sababu moja: hakuna hata mmoja kati yao anayeishia mikononi mwa mwanamume ambaye moyo wake umemwelekea. Scarlett anaachwa mlangoni, Ilsa anapanda ndege pamoja na mumewe, Laura anarudi kwenye kiti chake sebuleni, na Ann anarejea kwenye mavazi rasmi na mapokezi ya wageni. Kwa hiyo hatuwezi kumpima yeyote kati yao kwa kuuliza kama alimpata aliyempenda. Inatubidi tuulize ni kitu gani kilisimama mbele ya penzi lake na yeye akakifanyia nini.

Vigezo vya kulinganishia

Swali la kwanza nitakalomuuliza kila mmoja ni anataka nini na anazuiwa na nini. La pili ni uamuzi wa mwisho umo mikononi mwa nani, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalowatenganisha zaidi kuliko uzuri, mavazi au maneno mashuhuri. La tatu ni kasoro zake, kwa kuwa mhusika asiye na kasoro huchosha upesi. La nne ni namna mwigizaji alivyomjenga, kwa sababu mhusika wa filamu haishi kwenye karatasi peke yake. Mwishoni nitagusa kwa ufupi mambo ya muda na historia, ambayo hayahusu tabia moja kwa moja lakini huamua kama mtazamaji wa leo atamaliza filamu au ataizima katikati.

Anachokitaka, na kinachomzuia

Scarlett anaonekana kujua anachokitaka kuliko wote, na hapo ndipo filamu inapomtega mtazamaji. Tunakutana naye Georgia mwaka 1861, katika shamba kubwa la pamba liitwalo Tara, akiwa binti aliyezoea kuzungukwa na vijana. Anamtaka Ashley Wilkes, ambaye yuko karibu kumwoa Melanie, na anapokataliwa anaolewa na kaka yake Melanie kwa hasira tu. Kwa karibu saa nne tunamwona akiamini kwamba kizuizi chake ni Melanie, kumbe kizuizi ni picha ya Ashley aliyoichora mwenyewe akilini. Wakati huo huo, bila yeye kutambua, kitu anachokipigania kwa nguvu zake zote ni ardhi. Baba yake alimwambia mapema kwamba ardhi ndiyo kitu pekee duniani kinachostahili kupiganiwa, naye akambeza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa bado vinaendelea, akiwa na njaa katika shamba lililoharibiwa, anaishika ardhi ile ile nyekundu na kuapa kwamba hatalala njaa tena, hata ikimbidi kudanganya, kuiba au kuua. Kila atakalolitenda baadaye linatokana na kiapo hicho, si na penzi la Ashley.

Ilsa yuko katika hali tofauti kabisa, kwa sababu mbele yake hakuna njozi bali wanaume wawili halisi wenye madai halali juu yake. Victor Laszlo ni mumewe na kiongozi wa harakati za kuwapinga Wanazi. Rick Blaine ni mtu aliyempenda Paris mwaka 1940 alipoamini kwamba Victor amekufa katika kambi ya mateso. Siku ambayo angeondoka Paris na Rick alipata habari kwamba mumewe yu hai na ni mgonjwa, akamwandikia Rick barua fupi na kumwacha kituo cha treni kwenye mvua. Filamu inapoanza, mwezi Desemba 1941, anaingia na mumewe katika mkahawa wa Rick mjini Casablanca, na vibali vya kusafiria ambavyo vingemwokoa Victor vimefichwa na mtu yule yule aliyemwumiza. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini Ilsa hakuyashika mawili kwa tamaa, kwani lilipofika la pili alidhani la kwanza limekwisha kuzikwa.

Laura hataki chochote. Ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, ambaye kila Alhamisi hupanda treni kwenda mji wa jirani kununua mahitaji, kubadilisha kitabu cha maktaba na kutazama filamu. Chembe ya vumbi inaingia jichoni mwake kituoni, daktari mmoja aitwaye Alec Harvey anaitoa kwa leso, na wiki chache baadaye maisha yake yote yamepinduka. Mumewe, Fred, si mkatili wala mlevi. Ni mtu mpole anayependa kujaza fumbo la maneno gazetini. Kwa hiyo kizuizi cha Laura hakina sura ya adui, jambo linaloifanya hali yake kuwa ngumu kuielezea hata kwa nafsi yake.

Ann anataka kitu kidogo zaidi kuliko wote: siku moja. Amechoka na ziara ya kiserikali, maziwa ya usiku na ratiba inayosomwa kama mashtaka. Anatoroka akiwa amekwisha kuchomwa sindano ya usingizi na daktari, anaokotwa na mwandishi wa habari Joe Bradley, na kesho yake anakata nywele, anakula aiskrimu kwenye ngazi mashuhuri za Roma na kuendesha skuta ovyo barabarani. Penzi linakuja baadaye, karibu kwa bahati mbaya, na kizuizi chake ni cheo alichozaliwa nacho.

Uamuzi wa mwisho umo mikononi mwa nani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kidogo, kwa kuwa filamu hizi nne zinajibu swali hili kwa njia nne ambazo hazifanani hata kidogo.

Ann anaamua mwenyewe, tena anaamua mara mbili. Mara ya kwanza ni usiku, ndani ya gari la Joe, anapomwomba amteremshe kona ya barabara na asimfuate kwa macho. Mara ya pili ni muda mfupi baadaye, anapokaripiwa na balozi kuhusu wajibu wake na kumjibu kwamba asingeujua wajibu wake kwa familia na kwa nchi yake asingerudi usiku ule, wala usiku wowote mwingine. Jibu hilo linazima mjadala chumbani. Kisha anayakataa maziwa ya usiku, na kwa kitendo hicho kidogo tunaelewa kwamba aliyerudi si yule aliyetoroka. Watu wengi huikumbuka filamu hii kwa ile skuta, lakini mimi naiona filamu nzima imo katika kikombe hicho kilichokataliwa.

Laura anaamua pia, lakini uamuzi wake umejaa mashimo, na sifa kubwa ya filamu ni kwamba haiyazibi. Yeye na Alec wanakubaliana kuachana. Alec atahamia Johannesburg kwa kazi. Dakika zao za mwisho pamoja zinaharibiwa na mwanamke msemaji, Dolly Messiter, anayekuja kuketi mezani pao bila kukaribishwa, hivyo kwaheri yao yote inakuwa mkono wa Alec uliotulia kwa nukta chache kwenye bega la Laura. Treni ya kasi inapokaribia, Laura anatoka mbio hadi ukingo wa jukwaa. Hajirushi. Lakini katika maungamo anayoyafanya kimoyomoyo kwa mumewe anakiri kwamba angependa kusema ni wazo la mume na watoto lililomzuia, na kwamba haikuwa hivyo. Hakuwa na ujasiri tu. Ni nadra sana kumsikia shujaa wa filamu ya mapenzi akikataa kujipamba kiasi hicho. Uamuzi wa kurudi nyumbani ni wake, ila hauletwi kwetu kama ushindi.

Ilsa haamui, au tuseme anaamua kutoamua. Anapanda juu chumbani kwa Rick akiwa na bastola ili achukue vile vibali kwa nguvu, anashindwa kufyatua, na katika kulia kwake anamwambia Rick afikiri kwa niaba yao wote wawili, na kwa niaba ya Victor pia. Tangu hapo uamuzi unahamia kwa Rick, na Ilsa anaujua ukweli wa mpango wake uwanjani tu, ndege ikiwa tayari kuondoka. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa udhaifu wa tabia, na hoja yao ina uzito: mwanamke aliyeweza kushika bastola anageuzwa kuwa mzigo unaokabidhiwa na mwanamume mmoja kwa mwingine. Wapo wanaojibu kwamba mtu aliyebeba peke yake siri ya ndoa, ya vita na ya penzi kwa muda mrefu ana haki ya kuishiwa nguvu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zisingeruhusu kwa urahisi mke wa mtu amwache mumewe aliye hai na kuondoka na mwingine. Mlango wa Ilsa ulikuwa umefungwa kwa nje kabla hata hajaandikwa.

Scarlett ni kinyume cha Ilsa. Ameamua kila kitu maishani mwake: ameshona gauni kwa mapazia ya kijani ili akaombe dola 300 za kodi akiwa na sura ya mtu asiye na shida, amemnyang'anya mdogo wake mchumba kwa sababu mchumba huyo alikuwa na fedha, na amesimamia kiwanda cha mbao wakati wanawake wa tabaka lake walionekana kuwa hawafai kufanya biashara. Uamuzi mmoja tu, ule wa mwisho, hauko kwake. Anapotambua kwamba anayempenda ni Rhett Butler, mume wake wa tatu, Rhett amekwisha kuchoka. Anaondoka, na Scarlett anabaki ngazini akijiambia kwamba atalifikiria jambo hilo kesho, kama alivyokuwa akiyaahirisha mawazo magumu tangu mwanzo. Je, huo ni ushujaa au ni ugonjwa ule ule uliomfikisha pale? Filamu inapandisha muziki na kuacha swali likining'inia, nami sidhani kama jibu moja linatosha.

Kasoro zao

Kasoro za Scarlett hazihitaji kutafutwa: anadanganya, anatumia watu, anampiga kofi anayemkaribia, na mapenzi ya Melanie kwake hayaoni mpaka Melanie anapokuwa kitandani akikata roho. Hata hivyo mtazamaji anagundua kwamba amekuwa upande wake, hasa pale anapobaki kumzalisha Melanie wakati Atlanta inakimbiwa, ingawa hampendi. Anatenda wema akiwa amenuna. Mchanganyiko huo ndio unaomfanya aendelee kubishaniwa.

Laura ana kasoro moja kuu, nayo ni uongo, na filamu inaufuatilia uongo huo kwa makini kama mhasibu. Siku moja anaporudi nyumbani anamkuta mwanawe amegongwa na gari, si vibaya, lakini yeye anaipokea ajali hiyo kama adhabu. Baadaye anampigia simu rafiki yake na kumwomba amfichie siri, akistaajabu jinsi uongo unavyomtoka kwa urahisi. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Uchungu wa Laura ni kwamba ya kwake yanafichika vizuri mno, na hakuna anayemwuliza.

Ilsa anaweza kulaumiwa kwa kunyamaza. Kama angemweleza Rick ukweli tangu Paris, au hata usiku wa kwanza kule Casablanca, maumivu mengi yangepungua, ingawa siri ya ndoa yake ilikuwa pia kinga ya maisha ya Victor. Ann ndiye mwenye kasoro chache kuliko wote, na mtazamaji mkali anaweza kusema hilo lenyewe ni upungufu: anaanza akiwa mtoto mwenye hasira za kitoto na kuishia kuwa mtu mzima, bila kumwumiza mtu njiani. Aliye na dhambi ya kuficha katika filamu ile ni Joe, ambaye kwa sehemu kubwa ya siku anamtembeza huku akihesabu dola 5,000 alizoahidiwa na mhariri wake.

Kazi ya mwigizaji

Vivien Leigh, Mwingereza aliyezaliwa Darjeeling mwaka 1913, alipewa nafasi ya Mmarekani wa Kusini ambayo waigizaji wengi wa Hollywood waliitamani, na akashinda Oscar. Kazi yake iko katika kasi: uso wake unabadilika kutoka tabasamu hadi hesabu na kurudi kwenye tabasamu kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Anayetaka kujifunza namna ya kumwonyesha mtu anayedanganya watu wa filamu bila kumdanganya mtazamaji atafaidika sana naye.

Ingrid Bergman alifanya kazi katika mazingira ya ajabu, kwani mswada wa Casablanca uliendelea kuandikwa wakati filamu ikipigwa, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa ameambiwa ni mwanamume yupi angeondoka naye. Matokeo yake ni uso ambao haujaegemea upande wowote. Kamera inapomkaribia akisikiliza wimbo anaoupenda ukipigwa kwenye piano, hafanyi karibu lolote, na sisi tunaisoma Paris yote machoni pake.

Celia Johnson ndiye ninayemwona kuwa fundi kuliko wote katika kazi ya utulivu, na sifichi upendeleo wangu. Sehemu kubwa ya uigizaji wake inafanyika akiwa kimya, ameketi, huku sauti yake mwenyewe ikisikika juu ya picha na konseto ya pili ya piano ya Rachmaninoff ikipanda na kushuka nyuma yake. Tukio la kwanza la filamu na la karibu na mwisho ni lile lile moja: watu wawili mezani, Dolly anaingia, mkono begani. Mara ya kwanza hatuelewi lolote. Mara ya pili tunaelewa kila kitu, na mwigizaji hajabadilisha chochote.

Audrey Hepburn alikuwa karibu hajulikani Marekani alipochaguliwa kumwigiza Ann, na alishinda Oscar akiwa na miaka 24. Wepesi wake ni wa kweli hata pale ulipopangwa: katika tukio la Bocca della Verità, jiwe linalosemekana kuuma mkono wa mwongo, Gregory Peck aliuficha mkono wake ndani ya mkono wa koti bila kumwambia, na ukelele tunaousikia ni wa Hepburn mwenyewe. Lakini apimwe kwa mkutano wa mwisho na waandishi wa habari, ambapo anaulizwa mji gani ulimpendeza zaidi, anaanza jibu la kidiplomasia alilofundishwa, anasita, kisha anasema ni Roma.

Muda na mzigo wa historia

Brief Encounter ina dakika 86, Casablanca 102, Roman Holiday 118, na Gone with the Wind hukaribia saa nne. Hiyo ya mwisho ndiyo pekee yenye rangi kati ya hizi nne.

Tofauti ya muda si kubwa kama tofauti ya mzigo. Gone with the Wind inauchora utumwa wa Kusini mwa Marekani kana kwamba ulikuwa maisha ya upole yaliyopotea, na watumwa wake wanaonekana kuridhika na hali yao. Hilo ni upotoshaji, na mtazamaji hapaswi kuombwa aufumbie macho kwa sababu ya mavazi mazuri. Hattie McDaniel, aliyeigiza Mammy, mtumwa aliyemlea Scarlett, alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda Oscar, lakini hakuwepo katika uzinduzi wa filamu mjini Atlanta mwezi Desemba 1939 kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mammy ndiye mtu anayemwelewa Scarlett kuliko wazazi wake, na filamu haimwulizi hata mara moja yeye mwenyewe anataka nini. Anayemchagua Scarlett achague pia kulitazama pengo hilo.

Hizo nyingine zina mizigo myepesi zaidi. Casablanca inahitaji ujuzi kidogo wa Ufaransa iliyotekwa na utawala wa Vichy nchini Morocco, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ingawa inaeleweka hata bila huo. Brief Encounter inahitaji subira na adabu ya Kiingereza ambayo kwa masikio ya leo inaweza kuchekesha kabla haijaumiza. Roman Holiday haihitaji maandalizi yoyote, ila inafaa kujua kwamba Dalton Trumbo, aliyebuni hadithi yake, alikuwa amepigwa marufuku Hollywood kwa sababu za kisiasa, hivyo jina lake halikuonekana wakati filamu ilipotoka.

Uchague nani, kwa hali ipi

Kama hujawahi kutazama filamu ya zamani hata moja, na unaogopa kuchoshwa na picha zisizo na rangi, Ann atakupokea kwa upole kuliko wengine. Anafaa pia kutazamwa na familia nzima, wakiwemo vijana wadogo, kwa sababu swali lake la uhuru na wajibu linaeleweka na mtu wa umri wowote, na mwisho wake unahuzunisha bila kukatisha tamaa.

Kama unatafuta mhusika wa kubishaniwa darasani au katika kikundi cha watazamaji, Scarlett atawapa maneno ya jioni tatu. Igawe filamu mahali pale palipo na mapumziko, usiwaketishe watu saa nne mfululizo, na utenge muda wa kumzungumzia Mammy kama mhusika kamili, si kama pambo la nyumba. Scarlett atamfaa pia mwandishi anayetaka kujua jinsi ya kumfanya mtu asiyependeka aendelee kufuatwa na msomaji.

Kama umewahi kubanwa kati ya watu wawili ambao wote walikuwa na haki, Ilsa atazungumza nawe, hasa ikiwa hupendi kuambiwa kila kitu kwa maneno. Asichaguliwe na anayetaka kumwona mwanamke akiendesha hadithi mwenyewe, kwa kuwa atakasirika mbele ya ile ndege, na hasira yake itakuwa na sababu. Kwa mwigizaji anayejifunza mbele ya kamera, hata hivyo, ningependekeza Bergman na Johnson watazamwe siku mbili zinazofuatana: mmoja ataonyesha namna ya kutoamua, mwingine namna ya kuficha.

Naye Laura anawafaa watu wazima walioishi kidogo, waliooa au kuolewa, au waliowahi kurudi nyumbani jioni na kuulizwa siku ilikuwaje wakajibu kwamba ilikuwa njema. Asitazamwe na mtu mwenye haraka, wala na mtu aliye katikati ya jeraha bichi la aina hiyo hiyo. Huyo na aanze na Ann, kisha arudi baadaye. Akirudi, aisikilize kwa makini kauli ya Fred katika dakika ya mwisho, anapoliweka kando fumbo lake la maneno na kumshukuru mkewe kwa kumrudia, halafu aamue mwenyewe Fred alijua kiasi gani.